Gurudumu la Maji Linaloelea: Mwongozo Kamili wa Kufua Umeme Kwenye Kijito cha Mwendo wa Pole

Mitambo mingi ya umeme wa maji inataka maporomoko, bomba refu la mteremko au bwawa. Kijito kinachopita taratibu kwenye ardhi tambarare hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kina mwendo wake tu, na mwendo huo unaweza kusukuma makasia. Ukilifunga gurudumu katikati ya maboya mawili na kulitia nanga, litapanda maji yakijaa na kushuka yakipungua, na makasia yatabaki kwenye kina kilekile mwaka mzima.

Wazo hili ni la kale. Mwaka 537, Wagothi walipouzingira mji wa Roma na kukata mifereji iliyoendesha vinu vya unga, jemadari Belisarius, aliyeulinda mji, aliweka vinu juu ya mashua zilizofungwa ndani ya mto Tiber. Mkondo ukazungusha magurudumu, watu wakapata unga. Mtambo ninaoueleza hapa ni ndugu wa vinu vile, ila badala ya jiwe la kusagia una jenereta ndogo.

Usiutegemee kuendesha pasi, jiko wala pampu kubwa. Kwenye kijito cha kawaida utapata wati 10 hadi 40. Lakini wati 20 zinazotoka mchana na usiku ni wati-saa 480 kwa siku, na hicho ni kiasi ambacho paneli ya jua ya wati 100 hukitoa siku yenye jua zuri. Taa nne za LED za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula wati-saa 100 tu. Simu moja hainywi zaidi ya wati-saa 15 hadi 20. Redio na kipanga njia cha intaneti vinaingia humohumo bila shida.

Pima kasi kabla ya kununua chochote

Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kwa kamba ukingoni, simika kijiti kila mwisho. Chukua chupa ya plastiki yenye kifuniko, ijaze maji kupita nusu ili izame kiasi na upepo usiisukume, kisha itupe katikati ya mkondo, hatua chache kabla ya kijiti cha kwanza. Hesabu sekunde kutoka kijiti hadi kijiti. Sekunde 10 ni mita 1 kwa sekunde. Sekunde 20 ni nusu mita. Rudia mara kadhaa, kisha sogea kidogo kushoto na kulia, maana mkondo mkali mara nyingi hauko katikati kabisa. Kwenye kona hukaa upande wa nje. Pima pia kina kwa mti mrefu, na upime wakati wa kiangazi. Makasia yakizama sentimita 30, unahitaji angalau sentimita 60 za maji katika wiki kavu kuliko zote.

Kwa nini nasisitiza kasi kuliko upana au kina? Kwa sababu nguvu ya maji yanayokwenda hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Chukua 500, zidisha kwa eneo la kasia lililo majini (mita za mraba), halafu zidisha kwa kasi mara kasi mara kasi. Jibu ni wati zilizomo ndani ya mkondo. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nane. Ikipungua nusu, unabaki na sehemu moja ya nane.

Si zote utakazozipata. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alichapisha majaribio yake mwaka 1759, na ndani yake magurudumu yanayosukumwa na maji kwa chini yalitoa takriban asilimia 22, huku yale yanayomwagiwa maji kwa juu yakizidi asilimia 60. Kwa gurudumu linaloelea mimi hukadiria asilimia 20 kwenye shafti, halafu naondoa theluthi moja hivi kwa ajili ya cheni, mkanda, jenereta na waya. Kwa kasia la upana wa mita 1 na kina cha sentimita 30, hesabu inakuja hivi:

Kasi 0.5 m/s: wati 19 ndani ya maji, 2 au 3 zinazofika kwenye betri.
Kasi 0.8 m/s: wati 77 ndani ya maji, takriban 11 kwenye betri.
Kasi 1.0 m/s: wati 150, takriban 21 kwenye betri.
Kasi 1.2 m/s: wati 259, takriban 36.
Kasi 1.5 m/s: wati 506, takriban 70.

Mstari wa kwanza unatosha kumshauri mtu aachane na mradi. Chini ya mita 0.6 kwa sekunde, paneli ya jua itakupa umeme kwa gharama ndogo na jasho dogo zaidi. Vivyo hivyo, kama kijito chako kina mahali maji yanapoanguka hata mita moja tu, usihangaike na maboya: lita 30 kwa sekunde zikianguka mita 1 zina karibu wati 294, na gurudumu la kumwagiwa kwa juu litazivuna vizuri zaidi.

Dawa bora ya kijito kizito ni kuchagua mahali. Tembea juu na chini ya mto ukitafuta sehemu ambapo kingo zinabanana. Maji yaleyale yanayopita kwenye upana wa mita 3 yakilazimika kupita kwenye mita 2, kina kikiwa kilekile, yanakwenda kasi mara moja na nusu, na nguvu inapanda zaidi ya mara tatu. Hakuna kasia la umbo lolote litakalokupa faida ya namna hiyo. Wakati huohuo uliza mamlaka ya maji ya eneo lako kuhusu kibali, kwa sababu nchi nyingi zina sheria za vitu vinavyowekwa mtoni hata kama havichepushi maji.

Gurudumu lenyewe

Vipimo ninavyovipenda kwa mtambo wa nyumbani ni kipenyo cha mita 1.5, upana wa mita 1 na makasia 8 yanayozama sentimita 30. Gurudumu dogo zaidi huingiza makasia majini yakiwa yamelala, yakapiga maji kwa bapa wakati wa kuingia na kuyanyanyua wakati wa kutoka. Nguvu yote hiyo inapotea bure. Kwa kipenyo cha mita 1.5, wakati wote kuna makasia mawili au matatu majini, na mzunguko unakuwa laini.

Ubao mmoja wa plaiwudi wa sentimita 244 kwa 122, unene milimita 12, unatoa vipande 8 vya upana wa sentimita 30 hivi (msumeno nao unakula). Vikate viwe na urefu wa mita 1, na mabaki yatumie kukaza pembe. Chagua plaiwudi isiyobanduka majini, ipake rangi ya mafuta pande zote, na kingo zilizokatwa uzipake mara tatu, maana huko ndiko maji yanakoingilia. Njia nyingine ni kupasua pipa la plastiki la lita 200 kwa urefu wake. Mzunguko wa pipa ni karibu mita 1.8, kwa hiyo linatoa makasia sita yaliyopinda ya upana wa sentimita 30 na urefu unaokaribia sentimita 90. Hayaozi, na mbonyeo wake ukitazama maji yanayokuja hukamata mkondo vizuri kidogo kuliko ubao bapa. Onyo moja: pipa lililokuwa na mafuta au kemikali usilikate kwa moto wala grainda kabla ya kulisafisha kabisa. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Shafti iwe chuma kizima cha milimita 30, urefu unaotosha kuvuka gurudumu na kufika kwenye beringi pande zote mbili, na kichwa cha ziada upande mmoja kwa ajili ya gia. Kila upande wa gurudumu una mikono minane ya bomba la mraba la milimita 25, iliyochomelewa kwenye bamba la duara lenye tundu la shafti katikati. Zungushia ukanda wa chuma bapa unaofunga mikono yote, kwenye usawa wa ukingo wa ndani wa makasia. Usiuweke nje kabisa kwenye ncha, huko utakokota maji. Makasia yafungwe kwa bolti, usiyachomelee wala kuyapigilia misumari. Siku gogo litakapokuja, ni afadhali kasia moja livunjike na libadilishwe kwa spana kuliko mkono wa gurudumu kupinda.

Kabla ya kuliingiza majini, liweke juu ya beringi zake na ulizungushe kwa mkono. Likisimama kila mara kasia lilelile likiwa chini, upande huo ni mzito. Ongeza uzito kidogo upande wa pili hadi lisimame popote.

Maboya na fremu

Mapipa manne ya plastiki ya lita 200 yanatosha na kubaki. Gurudumu, shafti, fremu na jenereta kwa pamoja vitakuwa na uzito wa kilo 80 hivi, na siku ya matengenezo utapanda wewe mwenyewe. Mapipa manne yanabeba karibu kilo 800 kabla ya kuzama kabisa, kwa hiyo yataelea juu sana. Hilo tunalitaka, kwa sababu pipa lililozama kidogo halizuii maji. Panga mapipa mawili kila upande, moja nyuma ya jingine, ukiacha nafasi ya nusu mita katikati yake. Urefu wote unakuwa mita 2.3, na shafti inapita juu ya ile nafasi bila kugusa pipa. Kati ya makasia na mapipa acha sentimita 5 hadi 8 kila upande.

Mapipa yakielea kwa uzito wa kilo 80, yatazama kama sentimita 9, na mgongo wake utakuwa karibu sentimita 49 juu ya maji. Gurudumu la mita 1.5 linalozama sentimita 30 linataka shafti iwe sentimita 45 juu ya maji. Kwa maneno mengine, shafti inakaa karibu usawa wa mgongo wa pipa, kwenye vibao vya chuma vinavyoning'inia kutoka kwenye fremu. Toboa vibao hivyo matundu matano au sita, moja juu ya jingine kwa hatua za sentimita 4, ili beringi ziweze kupandishwa na kushushwa. Matundu haya yatakusaidia sana baadaye wakati wa kurekebisha, na yatakuwezesha kulinyanyua gurudumu mto ukichafuka.

Kama huna mapipa, bomba la plastiki la milimita 160 lililozibwa ncha hubeba kilo 20 kwa kila mita, na dumu la lita 20 hubeba kilo 20. Piga hesabu ya uzito wako wote, uongeze mtu mmoja, kisha uzidishe mara mbili. Mabomba marefu yana sifa nyingine: yanapasua maji vizuri kuliko mapipa yenye vichwa bapa. Ukitumia mapipa, wekea yale ya mbele pua ya ubao iliyochongoka.

Fremu iwe mstatili wa bomba la chuma au mbao ngumu, na pembe zake zikazwe kwa vipande vya mshazari. Ikilegea, shafti inakosa kunyooka na beringi zinakufa mapema.

Mwendo mdogo, nguvu nyingi: kazi ya gia

Hapa ndipo miradi mingi inapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Kasia linatoa nguvu nyingi zaidi linapokwenda kwa theluthi moja hadi karibu nusu ya kasi ya maji. Likienda sawa na maji, hakuna kinacholisukuma. Likisimama kabisa, linasukumwa sana lakini halifanyi kazi. Maji ya mita 1 kwa sekunde yanataka kasia la mita 0.4 kwa sekunde, na kwa gurudumu letu hiyo ni mizunguko 6 na kitu kwa dakika. Sita tu! Jenereta nyingi zinataka mamia, nyingine maelfu.

Ndiyo maana oltaneta ya gari haifai. Huanza kuamka ikifika mizunguko zaidi ya elfu moja kwa dakika, na inakula umeme wake yenyewe ili kutengeneza sumaku. Kwenye mtambo wa wati 20, itamaliza yote na kudai zaidi. Unachotaka ni jenereta ya sumaku za kudumu iliyoumbwa kwa mwendo mdogo, na iliyo rahisi kupatikana ni mota ya kitovu ya baiskeli ya umeme (ile inayokaa katikati ya tairi), ya volti 36. Mota hizi hufika takriban mizunguko 250 hadi 330 kwa dakika kwa volti 36, na ukizigeuza kuwa jenereta hutoa volti 1 kwa kila mizunguko 8 hivi.

Ziko aina mbili, na tofauti yake ni muhimu. Ile pana na nzito haina gia ndani. Sumaku zimebandikwa kwenye ganda lenyewe. Ile ndogo ina gia za plastiki na klachi, na ukilizungusha ganda lake mbele, mota ya ndani haisogei. Kuzitambua, shika nyaya tatu nene (aghalabu kijani, njano na bluu) uzikutanishe pamoja, kisha zungusha ganda kwa mkono. Isiyo na gia itakuwa ngumu pande zote mbili, kama vile imezama kwenye uji mzito. Yenye klachi itakuwa ngumu upande mmoja tu. Chukua ya kwanza. Nyaya tano nyembamba ni za vihisio, huzihitaji.

Sasa tutoke mizunguko 6 hadi 120, inayotosha kuchaji betri ya volti 12. Tunakwenda kwa hatua mbili. Ya kwanza ni cheni, kwa sababu kwenye shafti ya gurudumu msokoto (nguvu ya kuzungusha) ni mkubwa na mkanda utateleza, hasa ukilowa. Chomelea gia kubwa ya baiskeli ya meno 52 kwenye shafti, na cheni iende kwenye gia ya meno 14 iliyo kwenye shafti ya kati. Hapo umezidisha mwendo mara 3.7. Gia ndogo iwe imefungwa moja kwa moja na shafti. Ile inayozunguka huru upande mmoja inaweza kukuponyoka. Hatua ya pili ni mkanda, maana huku mwendo umepanda na msokoto umepungua. Funga rimu ya baiskeli ya inchi 26 kwenye shafti ya kati. Mfereji wake, tairi ikitolewa, ni puli nzuri ya kipenyo cha sentimita 56. Mkanda uende kwenye puli ya sentimita 11 iliyofungwa kwenye mota, kwenye yale matundu sita ya sahani ya breki. Hatua hii inazidisha mara 5.1. Kwa pamoja ni karibu mara 19: mizunguko 6.4 inakuwa 121, na mota inatoa karibu volti 15.

Weka boriti ndogo yenye skrubu ya kusogeza mota, ili mkanda ukilegea uukaze bila kufungua kila kitu. Funika vyote kwa kisanduku cha bati kilicho wazi chini. Mvua ikiingia itoke.

Nyaya, betri na umeme wa ziada

Mota hutoa umeme wa njia tatu unaogeuka-geuka, kwa hiyo nyaya tatu zinatoka kwenye mtambo hadi nchi kavu. Ningeshauri rektifaya (kifaa kinachougeuza umeme huo uende upande mmoja tu, kama betri inavyotaka), betri na swichi zote zikae ukingoni ndani ya kibanda, na mtoni kubaki chuma na waya tu. Rektifaya ni kile kizibo cheusi chenye dayodi sita na vikonyo vitano: vitatu vya kuingiza, viwili vya kutoa, chanya na hasi. Kinakula karibu volti 1.4, na kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni asilimia 10. Ukipata dayodi za Schottky, hasara inapungua kwa nusu hivi.

Mpangilio ni huu: jenereta, swichi ya breki, rektifaya, fyuzi, betri. Fyuzi ya ampia 20 ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, si mwisho wa waya.

Swichi ya breki inakutanisha zile nyaya tatu pamoja. Ukiiwasha, mota inakuwa nzito na gurudumu linapunguza mwendo hadi kutambaa. Unaweza kulituliza ukiwa umesimama ukingoni bila kulowa.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa mita 30 kama mtambo ni wa wati 20: utapoteza volti 0.7 hivi. Kwa wati 70, hasara inapanda hadi volti 2.5, nayo ni nyingi mno. Hapo ongeza unene wa waya au tumia betri mbili kwa volti 24, na ubadilishe puli ipasavyo.

Kidhibiti chaji cha jua kinawashawishi wengi kwa sababu ni rahisi kukipata, lakini kinafanya kazi kinyume na tunavyotaka. Betri ikijaa, kinakata. Paneli ya jua ikikatwa haina neno. Gurudumu likikatwa linapoteza mzigo, linakimbia hadi kukaribia kasi ya maji, mizunguko 15 au 16 kwa dakika, na mota inapanda hadi karibu volti 36. Vidhibiti vidogo vingi vya volti 12 vinakufa hapo. Unachohitaji ni kidhibiti kinachohamisha umeme wa ziada kwenda kwenye mzigo wa pembeni. Relei ya kupima volti (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe), iliyowekwa iwashe kwa volti 14.4 na izime kwa 13.2, pamoja na balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55, inafanya kazi hiyo kwa betri ya risasi. Betri ikijaa balbu inawaka, na kibanda kinapata mwanga wa bure.

Betri ya volti 12 na ampia-saa 60 hadi 100 inatosha. Ya risasi usiishushe chini ya nusu. Kama unatumia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230), ikae nyumbani. Umeme wa volti 230 na maji ya mto visikutane kwa sababu yoyote ile.

Kutia nanga

Mtambo mzuri uliofungwa vibaya ni zawadi kwa watu wa chini ya mto. Kwa maji ya mita 1 kwa sekunde, makasia yenyewe yanavuta kama kilo 8 wakati wa kazi na hata kilo 18 gurudumu likikwama. Hiyo ni ndogo kwa kamba. Lakini mafuriko yakileta kasi ya mita 3, mvuto unazidishwa mara tisa, na bado hujahesabu mapipa na matawi ya miti yaliyokwama mbele. Tumia kamba au waya wa chuma uliosokotwa wenye uwezo wa tani moja au zaidi.

Kamba kuu mbili zitoke kwenye pembe mbili za mbele, ziende juu ya mto hadi miti au vigingi imara vya kingo zote mbili. Zifungwe chini kwenye fremu, karibu na usawa wa maji. Ukizifunga juu, mkondo mkali utaizamisha pua. Ziwe ndefu, angalau mara tano ya kimo ambacho maji yanaweza kupanda, ili maji yakijaa mtambo unyanyuke badala ya kuvutwa chini.

Halafu ongeza kamba ya tatu, iliyolegea, kutoka pembe ya mbele ya upande wa ukingo wako hadi mti wa upande huohuo. Kamba kuu zikikatika, mtambo utazunguka kwa kamba hii na kuegemea ukingo. Utaukuta pale asubuhi, umejaa matope lakini upo.

Mbele ya gurudumu, mita moja na nusu hivi, weka kizuizi cha takataka chenye umbo la V: fito au nondo zilizolala kwa mshazari, ncha ikitazama mkondo. Kizuizi kilichonyooka kukabili maji hukusanya kila kitu na kugeuka bwawa. Cha mshazari hutelezesha majani na matawi yakapita pembeni.

Zungushia gurudumu wavu wa waya pande zote linapoonekana, hasa kama watoto wanaoga karibu. Gurudumu hili huzunguka polepole na hilo linadanganya, kwani msokoto wake unavunja mkono. Usiingize mkono kabla hujalifunga kwa kamba kwenye fremu. Kama mto unapitiwa na mitumbwi, acha njia na weka alama inayoonekana usiku.

Kurekebisha

Siku ya kwanza usiunganishe betri. Waya ukiwa wazi, hesabu kasia moja lililopakwa rangi linapita mara ngapi kwa dakika. Tuseme ni 15. Sasa unganisha betri na uhesabu tena. Shabaha ni karibu asilimia 40 ya ile ya kwanza, yaani 6 hivi.

Ukikuta 3, gurudumu limeelemewa: gia zinazidisha mno. Weka puli kubwa zaidi kwenye mota. Ukikuta 11, gurudumu linakwenda bila kazi ya kutosha na puli inahitaji kuwa ndogo. Kumbuka kwamba betri ndiyo inayoshikilia volti ya jenereta, kwa hiyo ndiyo inayoamua mwendo wa gurudumu. Maji yakipungua hadi 0.8, gurudumu litaendelea kuzunguka karibu mwendo uleule huku ampia zikishuka. Ndiyo maana inafaa kuwa na puli mbili, ya kiangazi na ya masika.

Baada ya puli, cheza na kina. Shusha beringi tundu moja, subiri dakika chache, soma ampia. Kuna mahali ambapo kuzamisha zaidi hakuongezi kitu, kwa sababu makasia yanaanza kubeba maji nyuma. Rudi tundu moja juu ya hapo.

Beringi zipate grisi kila mwezi, cheni ipate mafuta kila wiki mbili, na kizuizi kisafishwe kila unapopita. Ukiona maji yanabadilika rangi na matawi yanaanza kuja, washa swichi ya breki, nyanyua beringi hadi tundu la juu kabisa, na uvute mtambo ukingoni kwa ile kamba ya tatu kabla giza halijaingia.